Mahali Sindano Inapotulia

Goma, Katindo
14 Septemba 2008

Kwako Igihozo,

Mama Clotilde alinikuta jana nje ya kanisa akanitia barua yako mkononi kama mtu anayeficha sukari. Niliujua mwandiko kabla sijafungua. Tangu vita virudi huko kwenu Rutshuru mwezi wa nane, kila lori linaloshuka kutoka kaskazini nalitazama juu ya mizigo, nikitafuta kitambaa chako cha njano. Kumbe uko Kampala kwa mjomba! Nimemshukuru Mungu. Sikulia pale kanisani. Nililia nyumbani, unanijua.

Umeuliza habari za huku. Kwanza, tumefaulu mtihani wa Serikali wa diploma ya sekondari, wote wawili. Majina yalisomwa redioni, na lako lilisomwa kabla ya langu. Mama alipiga kigelegele uani, kisha akarudi kwenye maharagi yake. Darasa letu limetawanyika. Wengine wako Bukavu, wengine wameolewa, na Victoire anauza yuniti za simu chini ya mwavuli pale barabarani.

Mimi ninashinda kwenye labo. Mwalimu Zihindula anatafuta msaidizi, mtu wa kutunza vifaa na kuwatayarishia wanafunzi mazoezi. Amesema kazi ni yangu ikiwa kabla ya mwisho wa mwezi wa kumi nitamletea kipimo safi cha uga wa sumaku wa zile bobini tatu za waya: ya mizunguko mitano, ya kumi na ya ishirini. Ni zoezi letu lilelile. Busole, ile dira ndogo, inakaa katikati ya bobini, kuraa ya umeme inapita kwenye waya, na sindano inaiacha kaskazini na kugeuka; uga wa waya ukizidi nguvu, nayo inageuka zaidi.

Lakini zoezi hili linataka watu wawili. Batri ya gari inachoka na kuraa inashuka yenyewe. Mmoja lazima mkono wake uwe kwenye reosta inayoongeza na kupunguza kuraa, na macho kwenye ampermetri inayoipima, airudishe kuraa palepale, wakati mwenzake ameinama juu ya sindano. Wewe ulikuwa mkono, mimi nilikuwa jicho. Sasa niko peke yangu, na kabla sijafika kwenye sindano kuraa imekwisha kuhama.

Kazi hii naitaka sana. Hata hivyo nitakuambia ukweli: zaidi ya kazi, nakutaka wewe urudi. Katika miaka yote ya shule nimezungumza na mtu mmoja, na mtu huyo yuko Kampala. Njia ikifunguka, je, utakuja kabla mwezi wa kumi haujaisha? Utalala kwetu. Kitanda changu kinatutosha.

Wako,
Wivine Kahindo


Kampala
23 Septemba 2008

Wivi!

Bado unaongea na viatu vyako, siyo? Nimesoma barua yako kwa sauti na mdogo wangu akauliza kama imeandikwa na sista.

Tumefaulu! Nilirukaruka hadi Mama akanikemea. Usiku nililala nikitaja jina langu kama anavyolitaja mtu wa redio.

Hapa kwa mjomba ni raha tupu. Bomba liko ndani ya nyumba, ukilifungua maji yanatoka, tena ya moto. Mke wake anapika wali kila siku mpaka nimechoka wali. Televisheni ni kubwa kama ubao wa Mwalimu. Wadogo zangu wamenenepa hata hungewatambua, wanatembea kama maaskofu. Mjomba anataka kuniandikisha shule ya Kiingereza, kwa hiyo kurudi sitaweza, si mwezi wa kumi wala lini. Usikasirike.

Kuhusu kitanda chako, asante. Neno hilo limenifika. Ila nyumbani kwenu usiseme kwamba umenialika, watu wasije wakatandika mashuka bure.

Mwombe Victoire akushikie reosta. Mdomo wake ni mkubwa lakini mkono hautetemeki. Unamwambia hivi: "Victoire, njoo unisaidie." Ni maneno matatu, Wivi! Jizoeze kwanza na mbuzi.

Barua zako endelea kumpa Mama Clotilde. Ana mpwa wake, dereva wa Kampala, ndiye anayezileta.

Rafiki yako mnene,
Igihozo


Goma, Katindo
4 Oktoba 2008

Kwako Igihozo,

Mbuzi hatuna. Nilijizoeza na kuku.

Kisha nikaenda kwa Victoire. Nilisimama mbele ya meza yake na maneno matatu yote mdomoni. Akaniuliza, "Weye, unataka yuniti ya ngapi?" Nikasema, "Ya moja." Nikalipa nikaondoka. Na simu sina, Igihozo. Nimeiweka ile karatasi ya yuniti ndani ya Biblia.

Nilijaribu kupima peke yangu. Nilifunga kitasa cha reosta kwa mpira wa baiskeli, nikaegemeza jiwe juu yake ili kuraa isihame. Batri haijui jiwe. Kwa bobini ya mizunguko kumi, kwa nusu ampe, nilipata digrii thelathini na moja. Nikarudia, thelathini na tano. Nikarudia tena, ishirini na nane. Mwalimu alitazama namba zangu akasema, "Kahindo, hii ni sindano ao ni mugonjwa wa malaria?" Nilitaka sakafu ipasuke.

Na Mama naye hanielewi. Asubuhi alisema, "Batoto benzako banauza, banaolewa, weye unashinda na nyuzi za shaba. Ile bobini itakuzalia bajukuu?" Alikuwa anatania, lakini nilitoka bila chai.

Basi nimewaza jambo. Busole yako bado unayo? Ile Mwalimu aliyompa kila mmoja wetu siku ya mwisho? Tafuta waya, uzungushe mara kumi, uunge kwa batri za redio. Ufanye kama alivyotufundisha: kwanza tafuta mahali sindano inapotulia, ndipo uwashe. Sikuombi namba za kupeleka kwa Mwalimu. Nataka tu kujua, nikiinama hapa, kwamba kuna mtu mwingine ameinama juu ya sindano mahali fulani.

Wako,
Wivine


Kampala
16 Oktoba 2008

Wivi, nimepima!

Waya niliutoa kwenye mota ya feni iliyokufa. Niliuzungusha kwenye kopo la plastiki, si la bati, maana Mwalimu angenifufua akaniua tena. Mara kumi, sawasawa, nikaufunga kwa uzi wa gunia.

Kisha nikaanza kutafuta mahali pa kutulia. Unajua sindano zilivyo. Niliiweka mlangoni, kaskazini ikawa kushoto. Nikasogea kidogo, kaskazini ikahamia kulia. Nikaishusha chini kabisa, ikageuka nusu nzima kama mlevi anayetafuta mlango wake. Nilihangaika nayo hadi jua likaniingia kichwani. Mwishowe nikapanga bidoni za maji moja juu ya nyingine, na beseni juu yake, nikaipandisha kule, ndipo ikatulia. Mwalimu angejivunia.

Nilipogusisha waya kwenye batri, ikageuka! Watoto waliokuwa wamenizunguka wakapiga kelele, "Uchawi!" Bibi mmoja aliyekuwa akichambua majani ya maboga akasema, "Yewe, mutoto huyu atatuletea radi." Nikamwambia, "Hapana nyogokuru, hii ni ya shule." Akajibu, "Na radi nayo ni ya nani?" Nilicheka mpaka nikaketi.

Wivi, nilikuwa nimesahau. Mdogo wangu alishika waya, mimi nikasoma sindano. Siku hiyo nzima nilikuwa mwanafunzi. Batri zilipokufa nilibaki nimeinama palepale, naogopa kuinua kichwa.

Nipe zoezi lingine. Lolote.

Igihozo


Goma, Katindo
Jumatatu, 27 Oktoba 2008

Igihozo,

Barua yako ilinifurahisha hata nikampelekea Mwalimu Zihindula aisome. Nilitaka ajue kwamba wewe huko ulipo bado unapima. Aliisoma akitabasamu, halafu akaacha kutabasamu.

"Huyu yuko wapi?"

"Kampala, Mwalimu. Kwa mjomba wake."

Akavua miwani. "Miye nilisoma Kampala. Kampala ni udongo mwekundu. Kule unaweka busole mezani, unaweka chini, unaingia nayo mpaka chooni, inaonyesha kulekule."

Nikamuuliza, "Bila kutafuta mahali pa kutulia?"

"Kutafuta nini? Kahindo, ninyi mulizaliwa juu ya lava, mukafikiri dunia yote iko hivi. Haya mawe yetu meusi yana sumaku ndani, ndiyo yanasumbua sindano. Ndiyo maana niliwafundisha kutafuta. Mahali pengine hakuna mwalimu anafundisha vile." Akanirudishia barua yako. "Huyu mutoto amekaa juu ya lava."

Igihozo, sikujua. Na wewe hukujua. Nilidhani sindano zote duniani zinahangaika, kama vile mbwa wote wanavyobweka.

Jana baada ya misa nilimngoja Mama Clotilde. Nilimuuliza mpwa wake dereva anaitwa nani. Alinivuta kando ya watu. Kisha akasema, "Mwanangu, miye mupwa sina." Akaniambia kila kitu. Uko kambini, hapo juu ya Munigi, nyuma ya zahanati anapofanya kazi. Asubuhi moja ningefika kwa miguu na kurudi. Tangu mwezi wa tisa tunaandikiana Goma na Munigi!

Na bomba? Na televisheni? Wadogo zako wamenenepa kwa kitu gani?

Sina hasira. Hapana, nimeandika uongo, hasira ninayo. Nilipokuwa nalilia Kampala ulikuwa karibu hivi. Nimekufanyia nini hata ukanificha? Ni kwa sababu sijui kuongea? Ulifikiri nitaona haya kukuita rafiki mbele za watu?

Mizinga inasikika upande wa Kibumba, na Mama amekataza mtu kutoka. Lakini Jumamosi nitakuja, akatae asikatae. Nitakuchukua na mama yako na wadogo zako. Ningoje.

Wivine


Munigi
28 Oktoba 2008

Wivine,

Mama Clotilde amesimama hapa akinisubiri nimalize, kwa hiyo nitaandika upesi. Usije Jumamosi.

Wali ni kweli. Walitugawia mara moja.

Tulipokimbia kwetu Kalengera, Baba alirudi nyuma kutafuta ng'ombe, na hatujamwona tena. Tulitembea na lile kundi la watu mpaka Goma. Njiani Mama alikuwa akiuliza, "Tunaenda kwa nani?" Nami nikamjibu kila mara, "Nina rafiki Katindo." Niliwaacha wamekaa kando ya barabara, nikaja kwenu peke yangu nitangulie kuuliza, kwa heshima.

Ilikuwa mchana. Lango lenu lilikuwa wazi nusu. Nilikuwa nimekwisha kuinua mkono nibishe hodi. Mama yako alikuwa uani na jirani, na jirani alimuuliza kama mtapokea wakimbizi, maana chumba cha nyuma ni kitupu. Mama yako akasema:

"Bakuje, lakini si bale ba Kinyarwanda. Gari ya kaka yangu ilichomwa wapi? Si kwao kule? Wivine yuko na rafiki yake mumoja wa Kalengera, mutoto muzuri, miye namupenda. Lakini akikuja hapa na batu yake, nitafunga mulango."

Hakusema kwa hasira. Alisema huku anapepeta maharagi. Ndiyo sababu nilimsadiki.

Nikashusha mkono. Nilirudi nikamwambia Mama kwamba mmehama.

Sasa uniambie, ningefanya nini? Ningekuita wewe, usimame kati yangu na mama yako, wewe ambaye umenunua yuniti kwa kuogopa maneno matatu? Ungejaribu, najua. Ungejaribu na ungevunjika. Nikaona heri niwe Kampala. Mtu wa Kampala anaandikiwa barua. Mtu wa kambini anaonewa huruma, anapewa nguo kuukuu, na watu hupunguza sauti akipita. Sikutaka unione nimepanga mstari wa maji na bidoni kichwani.

Siyo kwamba hujui kuongea. Ni wewe pekee ambaye sikuweza kuvumilia unihurumie.

Mama yako usimchukie. Lile gari liliungua kweli.

Watu wanasema wanajeshi wanarudi nyuma. Mama anafunga mizigo. Tukihama nitamwambia Clotilde tunapokwenda.

Igihozo


Goma, Katindo
6 Novemba 2008

Igihozo,

Sijui barua hii nimpe nani. Naiandika tu.

Barua yako ilinifikia Jumatano asubuhi, wiki iliyopita. Mchana wa siku hiyohiyo barabara ya Munigi ilishuka watu. Sikuona lami. Niliona magodoro, mbuzi, masufuria, vitoto migongoni. Nilisimama langoni nikitazama kila uso. Mama alinivuta ndani kwa mkono, nikatoka, akanivuta tena. Wanajeshi wa kambi ya Katindo walipita na familia zao wakielekea upande wa Sake, wengine wakipiga risasi juu. Tulilala chini ya vitanda mpaka kukacha.

Jumamosi nilikuja, kama nilivyosema. Mama Clotilde alikuwa anafagia vioo vilivyovunjika vya zahanati. Aliniambia, "Balienda, mwanangu. Bamoja Goma, bamoja Bunagana. Miye sikubaona kuenda." Nyuma ya zahanati palikuwa na mawe meusi na vijiti vya vibanda, mashitingi ya plastiki yamekwisha kung'olewa. Watu wachache walikuwa wakirudi kutafuta vyombo vyao.

Nikaita jina lako. Mimi, kwa sauti, mbele za watu. Niliita mpaka sauti ikakwaruza. Wanawake wawili waligeuka na hawakuwa wewe.

Nimemwambia Mama kwamba ulifika langoni. Nilimrudishia maneno yake yote, mpaka lile la mlango. Sijui nilipata wapi kinywa. Alikuwa anapima maharagi ya mteja. Akaendelea kupima. Tangu hapo hatuongei ila mambo ya chumvi na maji.

Shule imejaa watu waliokimbia, Mwalimu Zihindula amepeleka familia yake Bukavu, na mwezi wa kumi umekwisha. Labo imefungwa. Hata ingekuwa wazi nisingepima.

Uko wapi?

Wivine


Kambi ya Nakivale, Uganda
11 Januari 2009

Wivine,

Sasa niko Uganda kweli. Najua huna sababu ya kuniamini, kwa hiyo nimekupimia. Nimeiweka busole chini, juu ya kisiki, juu ya bidoni, ndani ya hema na nje ya hema. Nimetembea nayo mpaka kwenye kisima. Kaskazini ni moja tu. Mwalimu alisema kweli, udongo ni mwekundu na sindano haina wasiwasi wowote.

Nilidhani nitafurahi. Nilikaa nikaitazama hivyo, imetulia, nikajua tuko mbali.

Tulipita mpakani Bunagana pamoja na wengine, tukapandishwa malori mpaka hapa. Wadogo zangu wamekonda, yule wa mwisho alikuwa na homa lakini amepona. Baba hatujapata habari yake. Mama amepewa kipande cha shamba na ameanza kulima. Anasema njia ile hatarudi kukimbia juu yake tena, akifa atafia kwenye shamba lake. Kwa hiyo sitarudi, Wivi. Safari hii sikutungii. Ningependa kuwa natunga.

Shule iko, ya watoto wadogo. Walipojua nina diploma waliniomba niwafundishe hesabu, wamekaa chini ya mti na mimi nimesimama. Ninapiga kelele kama Mwalimu Zihindula. Wananiogopa, hebu fikiri!

Padri Achille anasafiri kwenda Goma, ndiye atakayekuletea hii. Niambie kama uko hai. Niambie kama kazi ya labo uliipata. Na ni nani anashika reosta?

Igihozo


Goma, Katindo
8 Februari 2009

Kwako Igihozo,

Niko hai. Barua yako niliisoma nimesimama mlangoni mwa padri, mbele yake, bila aibu, na nikaisoma tena njiani.

Mwalimu amerudi. Waliokimbia waliondolewa shuleni na madarasa yamefunguliwa baada ya Noeli. Nilidhani nafasi yangu imekwenda na mwezi wa kumi, lakini aliniita akasema, "Vita haikuniletea musaidizi mwingine. Kamata bobini. Leta mutu yeyote mwenye mukono." Akanipa wiki moja.

Nilikaa na neno hilo siku kadhaa. Sikwenda kwa Victoire. Jioni moja nilimwambia Mama, "Unisindikize shuleni kesho. Ninahitaji mtu wa kushika kitu." Lilikuwa neno refu kuliko yote tuliyosemezana tangu Novemba. Akauliza, "Kitu cha namna gani?" Nikasema, "Cha labo." Akasema, "Ile ya nyuzi za shaba?" Nikasema ndiyo. Asubuhi nilimkuta amevaa pagne, kile kitenge chake cha kanisa.

Alishangaa labo ni ndogo. Nilimwonyesha reosta na mshale wa ampermetri.

"Nishike mpaka lini?"

"Mpaka niseme basi."

"Na hiki kimushale kikikimbia?"

"Ukirudishe, pole pole."

"Na kikinipiga umeme?"

"Hakipigi, Mama."

"Weye unasema. Nikikufa, maharagi iko kwa store, ufunguo iko kwa titi yangu." Mwalimu Zihindula alitoka nje kucheka.

Tukaanza. Mizunguko kumi, nusu ampe: digrii thelathini na tano. Tukarudia, thelathini na tano. Tukageuza nyuzi ili kuraa ipite upande wa pili, sindano ikaenda upande wa pili, thelathini na tano. Tulimaliza bobini ya kumi na ya mitano. Tulikuwa kwenye ile ya ishirini, mimi nimeinama juu ya sindano na simwoni, nikamsikia anauliza:

"Hapa ndiyo yeye alikuwa anasimama?"

Nilijua anamuulizia nani. Nikasema ndiyo.

"Alikuwa anashika vile miye nashika?"

"Hapana. Alikuwa anashika kwa mkono wa kushoto."

Niliona sindano inatikisika kidogo, kisha ikarudi palepale. Nilipoinua kichwa alikuwa amebadilisha mkono.

Mwalimu alipitia namba zote jioni ile na hakutaja malaria. Amenipa ufunguo wa labo. Ninaandika barua hii mezani pale, mlango umefungwa, wanafunzi wamekwenda. Watakuja kesho wawili wawili, nami nitawafundisha kutafuta mahali pa kutulia. Nitawaambia pia kwamba kuna nchi ambako hakuna haja. Nitawaambia nani alipima huko.

Mama hajasema zaidi juu yako, na mimi sikumlazimisha. Sijui kama angekufungulia mlango. Nimewaza sana na sijui. Ila siku ile tulipokuwa tunarudi, tumebeba viatu mkononi kwa sababu ya tope, aliuliza bila kunitazama, "Anakulaka nini kule?"

Nilimwambia nitakuuliza. Niandikie unakula nini, Igihozo. Ameniuliza tena leo asubuhi.

Wivine